Nimealikwa kongamano ng'ambo kwa dola 480. Nilipe?

Mwalimu, pokea salamu zangu kutoka Kisumu.

Mimi ni mwanafunzi wa uzamili wa Kiswahili katika chuo kikuu kimoja huku Nyanza. Utafiti wangu unahusu jinsi wauzaji samaki wanavyochanganya lugha wakiwa kazini: Kiswahili, Dholuo, Kiingereza na Sheng, mara nyingine zote nne ndani ya sentensi moja. Nimerekodi mazungumzo katika soko la Kibuye na kule ufuoni Dunga, yapata saa 11 za sauti, nikayanukuu yote kwa mkono kabla ya kuyaingiza kwenye jedwali la kompyuta. Binamu yangu aliyesomea kompyuta aliiona kazi ile akasema hiyo ndiyo data ambayo watu wa isimu ya kompyuta, wale wanaoifundisha kompyuta lugha, wanaililia. Akanitengenezea programu ndogo inayojaribu kutambua kila neno ni la lugha gani. Inakosea sana, lakini mahali pengine inapatia.

Mwezi uliopita niliandika ikisiri ya ukurasa mmoja nikaituma kwa kongamano ambalo tangazo lake lilinijia kwa barua pepe. Tangazo lilisema ni kongamano la kimataifa la isimu, akili unde, elimu, uuguzi na usimamizi wa biashara, litakalofanyika hotelini katika jiji moja la Ulaya. Siku mbili baadaye nikajibiwa kwamba nimekubaliwa, tena kwa heshima kubwa, na kwamba wanataka niwe mwenyekiti wa kikao kimoja. Ada ni dola 480, nilipe ndani ya siku kumi, nikichelewa inapanda. Nauli, viza na malazi ni juu yangu.

Mwalimu, nilifurahi hadi nikalia. Nikamwambia mama, mama akamwambia mjomba, na mjomba akafungua kundi la WhatsApp la harambee usiku huo huo. Jumapili ikatangazwa kanisani. Kufikia leo zimeingia shilingi 38,000. Kuna mama mmoja wa Kibuye, ambaye sauti yake imo katika utafiti wangu, alisikia habari hizo akatuma 200.

Nilipompelekea msimamizi wangu barua ile ya mwaliko, aliitupia jicho akasema makongamano hayahesabiki, nitafute jarida. Mhadhiri mwingine akaniambia mambo ya isimu ya kompyuta ni ya watu wa hisabati, nitaaibika mbele yao. Binamu naye hana imani na kongamano hilo. Anataka tuandike makala kwa ajili ya AfricaNLP, warsha ya isimu ya kompyuta kwa lugha za Afrika, lakini nilipofungua maelekezo yao nilikutana na programu ya kupangia kurasa iitwayo LaTeX, tovuti ya kupokelea makala iitwayo OpenReview, kurasa za safu mbili za Kiingereza, na wapitiaji ambao hutajiwi majina yao. Niliifunga tarakilishi nikaenda kulala.

Nimebakiwa na siku nne. Nilipe? Nisipolipa, nitawaambia nini walionichangia? Na je, lipo kongamano la kweli linalomtaka mtu kama mimi, mwalimu wa Kiswahili asiyeweza kuandika hata mstari mmoja wa programu?

Nyar Nyakach, Kisumu

*

Nyar Nyakach, salamu zako zimefika. Usilipe. Usilipe leo, usilipe siku ya kumi, na usilipe hata wakikuandikia kwamba wamekufikiria wakapunguza ada hadi dola 300. Jitayarishe kwa barua hiyo, maana huwa inakuja.

Tazama walichokufanyia. Ulituma ukurasa mmoja kuhusu lugha za sokoni, na ndani ya siku mbili wakaupokea, wakaupitisha na kukupa uenyekiti juu yake. Hakuna aliyekuuliza ulirekodi vipi wala ulinukuu vipi. Kongamano linaloweka isimu, uuguzi na biashara chini ya dari moja halina chumba cha watu watakaoelewa kazi yako hata wakitaka. Utaongea mbele ya watu wachache wanaosubiri zamu zao, upewe cheti, upigwe picha, na ukirudi nyumbani utafiti wako utakuwa pale pale ulipouacha. Mwaka 2005 wanafunzi watatu wa MIT huko Marekani walitengeneza programu inayobuni makala za upuuzi mtupu, maneno mazito ya sayansi yaliyounganishwa bila maana yoyote, wakaituma moja kwa kongamano lililojulikana kwa kumwaga barua pepe za mialiko. Ikakubaliwa. Sisemi kazi yako ni ya aina hiyo. Nasema hata ingekuwa ya aina hiyo, barua uliyopokea ingekuwa ile ile.

Kongamano la kweli lina mwendo mwingine kabisa. Chama cha kimataifa cha isimu ya kompyuta, ACL, kilianzishwa mwaka 1962, na makongamano yake makubwa, kama vile ACL yenyewe, EMNLP na EACL, siku hizi hupokea makala kupitia utaratibu uitwao ACL Rolling Review. Unatuma makala nzima. Makala ndefu ina kurasa 8, fupi kurasa 4, na orodha ya marejeleo haihesabiwi. Jina lako na la chuo chako yanaondolewa. Wapitiaji, kwa kawaida watatu, wanaisoma na kuandika wanachokiona, kizuri na kibaya, wewe unapewa nafasi ya kuwajibu, kisha mtu mwenye uzoefu zaidi anaupima mjadala wote. Tangu utume hadi upate neno la mwisho, miezi inapita. Na katika makongamano hayo makuu, makala zinazokataliwa ni nyingi kuliko zinazopita, takriban tatu katika kila nne. Habari ya ada haiji mpaka makala iwe imekubaliwa.

Kwa hiyo ukiletewa mwaliko wowote siku zijazo, waombe wakuonyeshe makala zilizosomwa kwao mwaka uliotangulia. ACL huweka zake zote kwenye hazina iitwayo ACL Anthology, zaidi ya makala 100,000, na mtu yeyote mwenye bando anaweza kuzisoma bure. Fungua, tafuta neno Dholuo, tafuta Swahili, tafuta Luhya. Kongamano ambalo haliwezi kukuonyesha lililochapisha jana halitakufaa kesho.

Sasa pesa za watu. Najua hapa ndipo panapokukosesha usingizi kuliko yale ya LaTeX. Usiseme kongamano limeahirishwa, na usiseme umenyimwa viza. Uongo mdogo kama huo utakufuata, kwa sababu mwaka ujao utahitaji msaada wa kweli kwa safari ya kweli. Andika kwenye kundi maneno machache, kwa mfano: "Wapendwa, nimelichunguza kongamano lile pamoja na walimu wangu na nimeona si la kuaminika. Sitaenda. Pesa zenu zote zipo, hazijaguswa. Kila aliyetuma atarudishiwa kwa nambari aliyotumia kufikia Ijumaa. Asanteni sana kwa kunishika mkono." Kabla hujaiweka hapo, mpigie mjomba simu umsomee, kwa kuwa yeye ndiye aliyesimama mbele ya watu kwa ajili yako, na haifai aipate habari hiyo pamoja na wengine. Mama mweleze uso kwa uso. Hakuna aibu kwa mtu aliyetaka kwenda kusoma akaacha kuibiwa. Wapo watakaokwambia kaa nazo, zitakusaidia kwenye tasnifu. Wakisema hivyo wao wenyewe, wameshatoa ruhusa na unaweza kuzipokea, lakini usilianzishe wewe.

Zile 200 za mama wa Kibuye, zirudishe mwenyewe mkononi mwake. Unayo sababu nyingine ya kwenda kumwona, na nitaifikia.

Yule mhadhiri aliyekwambia utaaibika mbele ya watu wa hisabati hajui fani hii ilivyokuja kufika kwetu. Programu ya mwanzo ya maana ya kuchanganua maneno ya Kiswahili, SWATWOL, ilitoka Chuo Kikuu cha Helsinki katika mikono ya Arvi Hurskainen, mtu aliyeijua lugha kwanza. Dholuo yenyewe ilianza kuandikiwa makala za isimu ya kompyuta kabla ya 2010: mwaka 2007 Guy De Pauw na Peter Waiganjo Wagacha, huyu wa pili akiwa Chuo Kikuu cha Nairobi, walichapisha pamoja na mwenzao kazi ya kuifundisha kompyuta aina za maneno ya Dholuo. Mwaka 2009, huko Athens, warsha nzima ilitengewa teknolojia za lugha za Afrika. Kisha ikaja Masakhane mwaka 2019, jumuiya ya watafiti wa Kiafrika ambayo tangu mwanzo iliwaita wazungumzaji, watafsiri na walimu waje wakae meza moja na wahandisi, na majina yao wote yakaingia kwenye orodha ya waandishi. Data yao ya kutambua majina ya watu na mahali, MasakhaNER, ilitoka 2021 ikiwa na lugha kumi, na Dholuo na Kiswahili zote mbili zimo.

Karibu nawe zaidi kuna Kencorpus. Hii ni kopasi, mkusanyiko wa maandishi na sauti, ya Kiswahili, Dholuo na Kiluhya, yaani Lumarachi, Lulogooli na Lubukusu, iliyokusanywa na watafiti wa vyuo vikuu vya Maseno, Nairobi na Africa Nazarene: maneno milioni 5.6 ya maandishi na saa 177 za sauti. Maseno ni mwendo wa matatu kutoka hapo ulipo. Angalia idadi hizo halafu utazame saa zako 11 bila kujidharau. Kopasi kubwa hukusanya mengi kutoka vitabuni, magazetini, shuleni na redioni. Wewe unao watu wanaopatana bei, wanaodaiana, wanaocheka na kubadilisha lugha mteja anapobadilika. Mazungumzo ya namna hiyo ni adimu, na mhandisi wa Vienna au wa Nairobi hawezi kuyapata akiwa kitini pake. Binamu yako hakukudanganya.

Lakini adimu haimaanishi tayari. Nikiwa mpitiaji wako kuna maswali ningekuuliza, na ni afadhali uyasikie kwangu.

Programu ya binamu inakosea sana. Inakosea wapi? Nitabashiri mahali pamoja pa kuanzia: ritifaa, kile kialama kilicho ndani ya ng'. Ulipoyaingiza mazungumzo kwenye jedwali, mengine uliyaandika kwa simu na mengine kwa tarakilishi? Simu nyingi huweka ritifaa iliyonyooka, na programu nyingi za kuandikia kwenye tarakilishi huipinda zenyewe bila kukuomba ruhusa. Kwako ni alama moja, kwa kompyuta ni mbili tofauti. Kisha programu iliyozoea Kiingereza ikiona ritifaa inadhani neno limeishia hapo, inalikata: ng'ombe inakuwa "ng" na "ombe", na ng'ato ya Dholuo inakuwa "ng" na "ato". Vipande hivyo haivitambui, basi inabahatisha. Chukua mistari mia moja ambayo programu imekosea, uiangalie mmoja mmoja kwa macho yako, uandike kando sababu ya kila kosa. Kazi hiyo haihitaji ujue kuandika programu. Inamhitaji mtu anayezijua lugha zote nne, na kwa wapitiaji itakuwa sehemu yenye uzito kuliko asilimia yoyote atakayokupa binamu.

Ya pili ni maneno kama "nimeistore" na "ameniblock". Umeyapa lebo gani, Kiswahili au Kiingereza? Hujui, au jana uliamua hivi na leo vile? Si wewe wa kwanza kukwama hapo. Mwaka 2014, jijini Doha, iliandaliwa warsha ya kompyuta na uchanganyaji wa lugha, na washiriki wakashindanishwa kutambua lugha ya kila neno katika maandishi ya mitandao, Kihispania na Kiingereza, Kinepali na Kiingereza na jozi nyinginezo. Walitenga lebo ya maneno yaliyochanganyika ndani kwa ndani, na nyingine ya maneno yasiyoweza kuamuliwa. Soma walivyofanya, halafu uandike mwongozo wako wa kurasa mbili: neno la namna hii linapewa lebo hii kwa sababu hii.

Ukishauandika, mpe mtu mwingine. Hili ndilo swali ambalo nina hakika utaulizwa: nani mwingine aliweka lebo hizi? Kama ni wewe peke yako, mpitiaji hana njia ya kujua kama lebo zako ni za lugha au ni za mazoea yako. Tafuta mzungumzaji mwenzako anayeijua Kisumu, mpe mwongozo na sentensi mia kadhaa, afanye bila kuona majibu yako. Kisha mlinganishe. Usiishie kusema mmekubaliana asilimia 85, kwa sababu ikiwa maneno mengi ni ya Kiswahili, hata watu wawili wanaobahatisha watakubaliana mara nyingi. Kuna kipimo kiitwacho kapa, alichokitoa Jacob Cohen mwaka 1960, kinachoondoa makubaliano ya bahati na kubakiza yale ya kweli. Binamu atakikokotoa kwa dakika moja. Na pale mlipotofautiana, msikimbilie kurekebisha ili hesabu ipendeze. Kaeni mjadiliane, muandike mlichotofautiana juu yake. Mimi makala nyingi huzisomea sehemu hiyo.

Sasa turudi kwa mama wa Kibuye.

Aliporuhusu umrekodi, aliruhusu nini? Pengine ulimwambia ni utafiti wa chuo, akakubali kwa kuwa anakupenda. Lakini binamu na watu wa warsha watakuomba uiweke data wazi ili wengine waitumie, na hapo sauti yake inaweza kuishia kufundisha mashine ya kampuni ambayo hakuwahi kuisikia. Sikiliza tena rekodi zako. Nina hakika kuna mahali mteja anataja nambari yake ya simu kwa sauti ili M-Pesa ithibitishwe, kuna mahali mtu anatajwa jina kwamba hajalipa deni la omena, na kuna umbea wa ndoa ya jirani. Hayo yote yaondoe, kwenye sauti na kwenye maandishi. Kibali cha NACOSTI, tume ya serikali inayoruhusu utafiti, unacho bila shaka, ila hakikupi ruhusa ya kumwanika mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakubana. Makongamano yenyewe yana orodha ya maswali unayojaza unapotuma makala, na ridhaa ya watu uliowarekodi imo.

Kwa hiyo nenda, mrudishie 200 yake, mchezeshee sauti yake aisikie, umweleze kwa Dholuo intaneti itafanya nini nayo, na umwachie nafasi ya kukataa. Uliowarekodi wakikataa sauti wakakubali maandishi, chapisha maandishi. Wakikataa vyote, chapisha uchambuzi na mifano michache waliyoiridhia. Makala yako bado ina miguu. Na kama wewe na binamu mtapata chochote kutokana na data hii siku za usoni, fikirieni mapema nini kitawarudia wao.

Kuhusu msimamizi wako, mpe haki yake. Hasemi uongo, anasema desturi ya kwao. Katika fasihi na isimu tuliyoizoea, makala huhesabika ikiwa jaridani, na chuo chako kina kanuni zake kabla ya mahafali. Katika isimu ya kompyuta ni kinyume: makala ya kongamano ndiyo chapisho lenyewe, limepitiwa na kuchujwa, na wengi hawaandiki jarida kabisa. Wale wa taaluma za binadamu za kidijitali, wanaotumia kompyuta kuchunguza fasihi, historia na lugha, wako katikati. Kongamano lao la kila mwaka, DH, lililokuwa Graz 2023, Washington 2024 na Lisbon 2025, hupitia ikisiri ndefu na kuzikusanya katika kitabu, kisha wengi huikuza kazi hiyo kuwa makala ya jarida.

Nafasi ya kuwaridhisha wote wawili ipo. Warsha nyingi, na AfricaNLP imewahi kufanya hivyo, hukupa hiari: makala ichapishwe rasmi katika kumbukumbu za warsha, au isomwe tu na kujadiliwa bila kuhesabiwa kama imechapishwa. Ukichagua hii ya pili, unapata wapitiaji na wasikilizaji, halafu unaipeleka jaridani bila kuvunja kanuni. Njia nyingine ni chama cha kusini mwa Afrika cha taaluma za binadamu za kidijitali, DHASA, ambacho makala za kongamano lake zimekuwa zikitoka katika jarida lake chenyewe, bure mtandaoni. Hapo msimamizi atapata neno jarida na wewe utapata kongamano. Mpelekee pia makala ya Kencorpus, iliyochapishwa 2023 katika jarida la teknolojia ya lugha na isimu ya kompyuta. Aone kwamba majirani zake wameshapita njia hii. Unachokatazwa kote ni kutuma makala moja mahali pawili kwa wakati mmoja.

LaTeX usiiogope hata kidogo. Kigezo cha ACL kipo tayari kwenye Overleaf, tovuti ya kuandikia LaTeX, unamwaga maneno yako ndani. Hiyo ni kazi ya binamu, na binamu ni mwandishi mwenza, kwa hiyo kubalianeni leo jina la nani linatangulia. Data na uchambuzi ni vyako, basi litangulie lako. Kiingereza chako mpe mtu akipitie. Na msisahau sehemu ya mapungufu ya utafiti, ambayo ACL huidai: makala isiyokuwa nayo hurudishwa kabla haijasomwa. Humo ndimo mtakaposema ukweli kwamba ni masoko mawili tu, wazungumzaji wangapi, na kwamba wengi ni wanawake.

Safari. Mwaka 2018 watafiti wengi Waafrika walinyimwa viza za kwenda Montreal kwenye mkutano mkubwa wa akili unde, na jambo hilo linaniuma hadi leo, kwamba lugha yetu inaweza kujadiliwa ukumbini na mwenyewe yuko nje ya mlango. Kongamano jingine la akili unde, ICLR, lilipangwa Addis Ababa 2020, corona ikalipeleka mtandaoni. Mwaka 2023 likafika Kigali, AfricaNLP ikiwa ndani yake. Mkusanyiko wa watafiti wa akili unde, Deep Learning Indaba, ambao huhama nchi hadi nchi barani humu, ulikuwa Chuo Kikuu cha Kenyatta 2019 na Kigali 2025. Kigali unafika kwa basi kupitia Busia na Kampala, kwa kitambulisho chako tu. Na kama ni mbali, makongamano mengi siku hizi huruhusu kuwasilisha kwa mtandao. Anza hata kabla ya hapo na semina ya idara yako, au kongamano la CHAKITA, chama cha Kiswahili cha Kenya, ambako utaisema kazi yako kwa Kiswahili na kuulizwa kwa Kiswahili.

Barua ya wale wa dola 480 usiijibu. Makala yako ikikubaliwa mahali pa kweli, uliza siku hiyo hiyo kuhusu msaada wa nauli, kuhusu ada ya wanafunzi, na kuhusu kazi ya kujitolea ambayo huwaondolea wanafunzi ada, kwa sababu fomu hizo hufungwa mapema sana kuliko usajili wenyewe. Barua ya mwaliko kwa ajili ya viza iombe wakati huo pia, na usitoe chochote kuilipia.